Kisu Nilichojua Kukifungua

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu ikakamilika, hata mdogo wangu Asha ninayelala naye chumba kimoja pale Ilala anajua nusu tu, ile nusu ambayo mimi naonekana nina akili, kwa hiyo leo nawapa na nusu iliyobaki, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka, ingawa ilinichukua miezi kufika hapo na mpaka leo kuna mtaa mmoja wa Kariakoo ambao badala ya kuupita nauzunguka.

Mimi ni fundi makochi. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kufumua makochi mabovu yaliyotupwa nje ya nyumba za watu, nikitazama mshono umeingia wapi na umetokea wapi, kisha nashona, nafumua, nashona tena, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo inatosha", kwangu mimi huwa haitoshi (mto mmoja mdogo wa kuegemea niliwahi kuushona mara sita, na mwenyewe alipoufuata nikamdanganya kwamba umeme ulikatika). Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Anaogopa kuulizwa, na kuuliza anaogopa zaidi, kwa sababu akiuliza watagundua kuna kitu kimoja hakijui, na wakishagundua kimoja watavuta huo uzi mpaka nguo yote ifumuke.

Basi nikapata bahati. Mama Neema, mfanyabiashara mkubwa wa vitambaa pale Kariakoo, mama wa Kichaga ambaye maduka ya jirani humwomba ushauri hata wa kupaka rangi mlango, alikuwa na makochi ya watu saba yaliyotakiwa kuvalishwa upya kabla ya sendofu ya binti yake, Neema mwenyewe, aliyekuwa anaagwa kwenda kuolewa. Aliona picha za kazi yangu kwa mtu akanitafuta. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, kwa hiyo tukawa tunawasiliana kupitia namba ya mumewe, Baba Neema, mzee wa kanisa, mpole, anayeandika ujumbe wa simu kwa nukta na mkato kama barua ya ofisi. "Fundi Rehema, njoo dukani Jumanne, saa nne asubuhi, mama akuone." Nilielewa kwamba nikimpendeza yule mama, mtaa mzima ungenijua, na nisipompendeza ningerudi kwenye mito ya majirani.

Nikajiandaa. Niliandika kurasa tisa kuhusu makochi ambayo sikuwa nimeyaona. Kisha, siku kama kumi kabla, nikaamua kwamba kitu pekee ninachokosa ni kisu cha kukunja.

Nieleze. Kuna video za watu wa nchi za mbali wakipanga juu ya meza ya mbao vitu wanavyobeba mfukoni kila siku, tochi ndogo, kalamu, daftari, saa, na katikati, kama bwana harusi, kisu cha kukunja. Nilizitazama bila sauti kwa sababu Asha alikuwa anafuatilia tamthilia yake, na pengine bila sauti ndiyo zilinivuta zaidi, maana ilikuwa mikono tu, mikono isiyo na haraka, inafungua kisu, inafunga, inafungua, inafunga, kwa wepesi kama mtu anavyopepesa jicho, na mimi pale kitandani nikielea. Nilijiona nikiwa kwenye duka la Mama Neema, kuna robota la vitambaa kamba yake imegoma, mama anauliza, "Nani ana kisu?" na mimi nasema, kwa sauti ya chini, "Mimi." Kisha tki. Mwanga wa mlangoni unaangukia kwenye makali, kamba inaachia yenyewe, watu wananyamaza. Ndoto yangu ilikuwa inaishia hapo kila mara. Sikuwahi kuota nikikirudisha mfukoni.

Muuzaji niliyemchagua aliitwa Athumani, mtu mzima mwenye masharubu ambaye alipanga visu juu ya ubao uliofunikwa kitambaa chekundu karibu na Mtaa wa Sikukuu. Nilimwendea mara tatu. Nilikuwa na jedwali kwenye daftari: urefu wa makali usizidi upana wa vidole vyangu vinne, ncha isiwe kali sana (nafumua mishono, sichinji), mpini usiteleze mkono ukitoka jasho, na sauti ya kufunguka iwe moja, isiwe mbili. Nilikuja na futi kamba. Nilikuja na aina tatu za uzi za kujaribia. Kila kisu nilikisogeza sikioni nikakifungua nikiwa nimefumba macho, na Athumani ndiye aliyekuwa anakipokea na kukifunga na kunipa kingine (tazameni hapo, tazameni vizuri, yeye ndiye aliyekuwa anafunga).

"Dada," akaniambia siku ya tatu, ile Jumanne yenyewe, saa tatu asubuhi, "unanunua kisu au unakichumbia?"

"Nataka kiwe sahihi."

"Hiki cha kwanza ulikikataa kwa nini?"

"Kina sauti mbili."

Akamgeukia mwenzake anayeuza misumeno. "Unasikia? Kina sauti mbili. Mimi nina mwaka wa kumi na moja hapa, sijui visu vyangu vinaongea!"

Nikachagua. Mpini wake ulikuwa wa mti, rangi ya chai ya maziwa, na skrubu tatu ndogo za shaba, na kilipofunguka kilitoa sauti moja iliyokamilika, kama neno. Athumani akakifuta kwa kitambaa. Akasema, "Haya, ngoja nikuonyeshe kinavyofungwa, maana hiki kina kufuli yake kwa ndani, wengi huwa wana..."

"Najua," nikamwambia.

Neno moja. Ningekaa pale dakika moja zaidi msingekuwa mnasoma haya. Lakini nilikuwa nimeshamhutubia mtu yule kwa siku tatu juu ya visu, na mwenzake wa misumeno alikuwa anatusikiliza.

"Haya, injinia," akasema, akanipa kimefungwa.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mtaa ulikuwa una harufu ya maboksi yaliyolowa, maturubai yanadondosha maji tone tone, na vitenge vilivyotundikwa juu vilikuwa vinapepea polepole kama vitu vilivyo chini ya maji. Nilikuwa na dakika hamsini. Nikasimama kwenye uwazi kati ya maghorofa mawili, nikakitoa, nikakifungua. Tki. Kipande chembamba cha mbingu kilikuwa ndani ya makali, cheupe, na ukikigeuza kidogo mbingu inakwenda na kitenge chekundu kinakuja, ukikigeuza tena kinakuja kijani, na mimi nikasimama nageuza, nageuza, sijui kwa muda gani, nikiwa na amani ambayo sikuwa nimeipata tangu shule.

Kisha nikataka kukifunga.

Hakikufunga. Nilikisukuma kwa kiganja, kikagoma. Nilikiegemeza ukutani upande wa mgongo wake nikakandamiza, kikagoma. Nilibonyeza skrubu zote tatu moja moja. Nilikitikisa. Nilikinong'oneza (ndiyo, nilikinong'oneza). Athumani alikuwa hatua kama arobaini nyuma yangu, ningeweza kumwona masharubu, na ninawaapia nilianza kurudi, nikapiga hatua sita, nikasikia kichwani sauti yake ikisema "injinia", nikageuka.

Saa nne kasoro kumi. Kwenye mkoba mlikuwa na zile kurasa tisa na vipande vya velveti nilivyovikata kwa rula na kuvishona vya mfano, kuingiza makali wazi mle ingekuwa kuvichana vyote. Nilikizungushia leso, ncha ikatokeza. Mwishowe nikaamua kukibeba mkononi tu, kimelala kwenye paja, makali yakitazama nyuma, kwa utulivu, kama mtu anavyobeba mwavuli.

Na hapo kukatokea jambo la ajabu. Njia ilifunguka. Kariakoo, ambako mtu hukupiga kumbo na kukuuliza wewe unaangalia wapi, watu walikuwa wananipisha. Mwenye toroli alisimamisha toroli. Wanaume wawili waliobeba godoro walirudi nyuma na godoro lao. Nikajisemea, kumbe ndivyo inavyokuwa mtu akijiamini! Nikanyoosha mgongo. Nikatembea katikati ya mtaa ule kama niko usingizini, na vitenge vinapepea juu, na nikawa nakariri moyoni maneno nitakayomwambia Mama Neema.

Mwanamke mmoja anayeuza sidiria na madera chini ya mwavuli akanishika kiwiko cha ule mkono usio na kisu.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "ni mume au ni mke mwenzio?"

Mimi niko mbali kabisa, niko kwenye ukurasa wa nne wa kurasa zangu. Nikamjibu kilichokuwa kichwani. "Naenda kwa Mama Neema, dada. Wa duka la vitambaa. Leo lazima anitambue mimi ni nani."

Akaachia kiwiko. Nikasikia nyuma yangu, "Yesu wangu! Jamani, anaenda kwa Mama Neema!"

"Mama Neema yupi?"

"Wa vitambaa! Kumbe yule mume wake!"

"Yule mpole?"

"Hao hao wapole!"

Nikageuka na kuona watu wananifuata. Si wengi sana, kama thelathini hivi, na wengine walikuwa wameshika simu juu. Nilitaka kusema kitu lakini mtu mwenye wasiwasi kama mimi akiogopa huwa hasemi, huongeza mwendo, na mwanamke anayeongeza mwendo akiwa na kisu mkononi, sasa hivi naelewa, haonekani anawahi miadi.

Habari zilinitangulia. Nilipofika kwenye duka la Mama Neema, mlango wa chuma wa kushusha ulikuwa unashuka, graaah, mpaka chini, na kufuli likasikika likifungwa kwa ndani. Saa yangu ilisema saa nne kamili. Nilijivunia kwamba nimewahi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu, na ukifika mahali ukakuta pamefungwa unapiga simu kusema umefika, nikatoa simu kwa mkono wa kushoto nikapiga namba pekee niliyokuwa nayo.

Simu ya Baba Neema ikalia ndani, nyuma ya chuma, kwa wimbo wa kwaya.

Sijui niwaelezeeje sauti iliyotoka kwa wale watu. Ilikuwa kama goli.

"Ana namba yake!"

"Anampigia hadharani!"

"Dada, mwache huyo mzee, hana thamani ya kukufunga miaka thelathini!"

Simu ikapokelewa. "Haloo, Rehema mwanangu," Baba Neema akasema kwa kunong'ona. "Samahani sana, naomba leo usije. Hapa nje kuna mwanamke ana kisu. Tumejifungia."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi? Usisogee huku."

"Baba," nikasema, "ni mimi."

"Wewe ndiyo nani?"

"Huyo mwanamke."

Nikasikia anamwambia mtu, "Ni fundi wa makochi," na sauti ya kike ikiuliza, "Sasa kisu cha nini?" na yeye akisema, "Sijamuuliza."

Mlango ukapanda mpaka usawa wa magoti. Nikaona kwanza viatu vya ngozi vya kahawia, kisha kitenge, kisha Mama Neema akainama na kutokeza uso, miwani inaning'inia kwenye mnyororo, akinitazama kutoka chini kama mtu anayekagua uvungu wa gari.

"Weka chini hicho."

Nilitazama chini. Palikuwa na tope. Kisu kilikuwa kipya. Nikawa natafuta mahali pakavu, na mama akaona kwamba natafuta, na nadhani hapo ndipo alipojua kwamba sikuja kuua mtu. Akatoka nje kabisa akajinyoosha. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Wewe binti, una nini?"

Na mimi, mbele ya watu thelathini na simu zao, nikafanya kitu ambacho nilikuwa nimekikwepa tangu darasa la tano. Nikauliza.

"Mama, kinafungwaje?"

Akakichukua. Ndani ya mpini, pembeni mwa makali, kulikuwa na kibati chembamba ambacho nilikuwa nimekitazama siku tatu nikidhani ni pambo. Akakisukuma kwa kidole gumba, akakunja. Tki. Kikawa kidogo, kitulivu, cha kuingia mfukoni.

"Ndivyo tu?" nikauliza.

"Ndivyo tu. Fanya wewe." Akanishika mkono, akaniwekea gumba mahali pake, nikakifungua na kukifunga mara tatu pale pale mlangoni, yeye ameshikilia kiganja changu kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, na machozi yananitoka sijui kwa nini.

Nyuma yetu mtu akasema, "Wanapatana."

"Mama Neema ana moyo. Mimi ningemnyoa nywele."

"Amemsamehe! Tazama, wameshikana mikono!"

Wakapiga makofi. Yule mwanamke wa sidiria (alikuwa ameacha biashara yake kuja kuona) alikuwa analia na kufuta macho kwa pindo la dera. Nikageuka kuwaambia, "Jamani, mimi ni fundi makochi," na kijibaba mmoja akanijibu kwa huruma, "Tunaelewa, dada. Ndivyo walivyokutana?"

Mama Neema akaniingiza ndani, akanipa kiti na maji. Baba Neema alikuwa nyuma ya majora ya vitambaa na hakutoka, alisema tu "Pole" kutoka huko, na baadaye kidogo "Pole sana." Mama akavaa miwani akafungua kurasa zangu tisa, akazisoma zote bila haraka, akashika vipande vya velveti kimoja kimoja akavuta mishono kwa kucha kama wanavyofanya watu wanaojua. Mishono haikuachia. Nilikuwa natazama vidole vyake na kwa dakika zile nilisahau kila kitu.

"Kazi yako ni safi," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua kukupa. Nilitaka tu nikuone."

Nikatoa futi kamba.

"Lakini sikupi, mwanangu. Usinichukie."

"Mama, si umeelewa ilivyokuwa?"

"Mimi nimeelewa. Na mume wangu namjua, huyo akikanyaga kivuli chako anaomba radhi. Lakini umesikia makofi yale? Hawa watu wamenialika harusi zao, na mimi nimewaalika sendofu ya Neema. Watakuja kwangu. Wakukute sebuleni, umepiga magoti, unapima makochi? Mwanangu ataolewa na hadithi hiyo mgongoni."

"Nitawaelezea mmoja mmoja."

Akacheka, si kwa ubaya. "Utaanza na nani?"

Nje walikuwa wanawasimulia waliochelewa, na kwenye hadithi yao nilikuwa na watoto wawili, mmoja anafanana na Baba Neema puani. Mama akanitoa kwa mlango wa nyuma unaotokea kwenye kichochoro cha mabomba, akaniwekea mkononi jora dogo la kitambaa cha kijani lililobaki, akasema nikashonee chochote, na akaongeza jambo moja kwa sauti ya chini, kwamba kumwomba yule muuzaji anionyeshe ingenigharimu dakika moja.

Yamepita hayo. Nimejiwekea sharti na nalishika: sinunui kitu kinachofunguka kabla sijaonyeshwa kinavyofungwa, na sitoki mahali nikiwa na swali tumboni hata kama anayenisikia ni nusu ya Kariakoo. Sasa nauliza mpaka watu wanachoka. Nimemuuliza mwenye bajaji breki zikoje, nimemwomba daktari aandike upya kwa herufi zinazosomeka, Asha anasema nimekuwa kero, na kila nikiuliza masikio bado yananichoma, hilo halijapona, nimeacha kungoja lipone.

Kama wiki mbili baada ya sendofu simu yangu ikaita, jina la Baba Neema kwenye kioo. Nikaitazama mpaka ikakaribia kukatika. Ilikuwa sauti ya Mama Neema. Akasema Neema ameshaolewa, sherehe ilikuwa nzuri, wageni walikaa kwenye makochi, fundi mwingine kabisa alishona, na pembeni mishono imekwenda kombo na hana raha nayo. Nilijua sababu. Nilijua kabla hajamaliza sentensi, ni velveti kukatwa bila kufuata uelekeo wa manyoya yake, na neno lile langu, "najua", likanijia mpaka kwenye meno.

"Pole mama," nikasema. "Imekwenda kombo upande gani?"

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Ngoja," akasema. "Nivae miwani nikaangalie."